Nilivyopigania Kuitwa Baba Mchungaji

Kosa ni langu. Nalitaja mapema ili usifike katikati ya habari hii ukaanza kumtafuta mtu mwingine wa kumbebesha. Wazee wa kanisa wana lao na nitalieleza, lakini mlango waliopitia niliufungua mimi, kwa mkono wangu, na nikawaambia karibuni.

Jina langu sitaandika. Mtwara ni ndogo, na mimi nauza viatu vya mtumba pale Chikongola. Nusu ya mji nimewahi kuishika miguu yao.

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Belo likifunguliwa nahesabu jozi, halafu narudia, maana mara ya kwanza jicho huhesabu linachotaka. Nikifiwa, nakumbuka nani alikuja kunipa pole na nani alituma meseji tu. Sasa mtu wa namna hii Mungu akampa mke mchungaji.

Sisemi mimi ndiye mchungaji na yeye ni mke wangu. Mchungaji ni yeye. Amesoma chuo, amebarikiwa, anavaa kola, anavaa joho, anabatiza na anazika. Mwaka juzi alipangiwa usharika ulioko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Madimba. Waumini wake ni walimu, watu wa bandarini, mafundi wa kiwanda cha gesi. Wengi wametoka Mbeya, Iringa, Kilimanjaro, na wenyeji wachache. Tangu usharika huo uanzishwe hawakuwahi kuchungwa na mwanamke.

Kabla yake walipita wachungaji watatu, wanaume wote, na kila mmoja alikuja na mke aliyeitwa Mama Mchungaji. Huyo wa mwisho nilimfahamu, kwa sababu nilikuwa naenda pale kwenye mnada wa mavuno kugombea kuku. Nilimtazama kwa makini kama ninavyotazama mzigo wa mwenzangu sokoni. Alikuwa na kiti chake mbele, kimevishwa kitambaa cheupe cha kufuma. Akiingia, akina mama wanasimama. Watoto wanampokea kikapu kabla hajafika getini. Harusini anakaa meza kuu, sahani yake inapakuliwa kabla ya sahani ya mzazi wa bwana harusi. Pasaka kitenge, Krismasi kitenge, mavuno kuku wa miguu ya njano. Na jina lake hakuna aliyelijua. Alikuwa Mama Mchungaji tu, basi, kama vile alizaliwa hivyo.

Nilihesabu heshima kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja.

Kwa hiyo siku mke wangu anaingizwa kazini, mimi nilivaa suti ya kijivu na nilishajua miguu yangu itaelekea wapi.

Mshereheshaji alimtambulisha mgeni rasmi, akamtambulisha mkuu wa jimbo na mama yake mkuu wa jimbo, maana yake mke wake, akasimama, akapigiwa vigelegele. Halafu akasema, "Na sasa tumwone… tumwone…" Akaangalia karatasi. Karatasi haikumsaidia. "Tumwone mume."

Kanisa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila lilikuwa kanisa zima. Nikasimama, nikapunga mkono kama mtu anayeita bodaboda, nikakaa. Wakati wa chakula nilielekezwa kwenye benchi la madereva waliowaleta wageni. Dereva mmoja akanisogezea soda, akaniuliza, "Wewe umemleta nani?"

"Mchungaji."

"Unaendesha gari gani?"

Nilimwambia mke wangu habari hiyo tulipofika nyumbani, nikitegemea machozi kidogo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa hasa unataka nini?" akaniuliza.

"Haki."

"Ipi?"

"Wake wa wachungaji wanaitwa. Mimi siitwi. Au huo usawa mnaouhubiri una upande mmoja?"

Akaacha kucheka, akafikiri. Hilo ndilo tatizo la kuoa mtu msikivu, ukimpa hoja anaipima kweli. "Hapo una neno," akasema. "Mke wa mchungaji ana heshima yake, na mume wa mchungaji anastahili yake. Waombe wazee wakutafutie jina. Lakini liwe la kwako. Usichukue la mtu."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Siwezi kusema sikuyasikia.

Nikaenda kwenye baraza la wazee. Katibu wao alikuwa Mzee Ambokile, karani mstaafu wa bandarini, mtu mpole, mwandiko wake kama mashine. Huyu ndiye, barua ya uhamisho wa mke wangu ilipofika, aliyewaambia wenzake wasiwe na haraka, huenda aliyechapa alikosea jina. Ilikuwa imepita miezi mitatu, na bado alikuwa anamwita mke wangu "dada yetu".

Wazee wakanisikiliza. Wakanipa la kwanza: Mwenza wa Mchungaji. Nikakataa. Nikawaambia mwenza ni neno la fomu ya bima, nani atanisimamisha barabarani aseme shikamoo mwenza? Wakanipa la pili: Mume wa Mchungaji. Nikasema hayo ni maelezo, heshima haimo.

"Haya, taja wewe," akasema Mzee Ambokile.

Sasa mimi ni mtu wa sokoni. Ukitaka kiatu kitoke kwa bei ya kati, unaanzia juu kabisa, mteja analalamika, unashuka, anapanda, mnakutana. Nilikuwa nimejipanga kuishia kwenye Mlezi wa Nyumba ya Mchungaji. Ili niishie hapo, nikaanzia juu. Nikasema, "Baba Mchungaji."

Lazima nieleze kidogo. Baba Mchungaji katika usharika ule ndivyo walivyoitwa wale wachungaji watatu waliotangulia. Ni jina la mchungaji mwenyewe akiwa mwanamume. Nililijua hilo kama ninavyojua namba za viatu. Nilikuwa nasubiri wazee waruke.

Mzee Ambokile akawatazama wenzake, akafunga kalamu. "Tumekubali."

Hawakutaka nishuke hata hatua moja. Ndugu msomaji, miaka yote sokoni najua kwamba mteja akichukua bei ya kwanza bila kulalamika, unatakiwa umpokonye kile kiatu mkononi ukiangalie upya, maana kuna kitu ameona ambacho wewe hukukiona. Siku hiyo nilimpa mkono na nikamshukuru Mungu.

Jumapili likatangazwa. Nilipotoka nje mkono wangu uliuma kwa kusalimiwa. Wa kwanza kunifuata pembeni alikuwa Mama Tumaini, mwenyekiti wa akina mama, mwalimu wa sekondari, mwanamke mfupi mwenye daftari.

"Hongera, Baba Mchungaji."

"Asante, mama."

"Jumatano tunakuja."

"Mnakuja wapi?"

"Kwako. Akina mama huja kwa mama mchungaji kila Jumatano, ndiyo desturi. Anatupikia chai na muhogo wa nazi, anatusikiliza shida. Heshima zake umezidai, tumefurahi. Kazi zake nazo tumekuandikia hapa." Akafungua daftari.

"Mnakuja wangapi?"

"Kama thelathini. Wakija na watoto, usihesabu."

"Mimi huwa nahesabu."

"Utachoka, baba."

Nilihesabu zile kazi kwenye daftari. Kumi na tisa. Nikarudia nikitumaini nimeruka mstari nyuma. Kumi na tisa! Katika siku zote nilizomtazama yule mama kwenye kiti chake cha kitambaa, sikuwahi hata siku moja kumtazama jikoni.

Basi nikawa nafunga kibanda Jumatano mchana, nakwenda kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Nikasikiliza shida. Nikapeleka uji na sabuni kwa waliojifungua, nikapakatishwa vichanga vilivyonikojolea suti. Sokoni jirani yangu, Issa, muuza mikanda, mtu wa vijiji vya kule Nanyamba, akapata chakula cha mwaka mzima.

"Mama nchungaji umechelewa kufungua," ananiambia. "Ulikuwa unanyonyesha?"

"Baba Mchungaji," namsahihisha.

"Ntu aliyekuna nazi mpaka nkono umevimba hivyo, mimi namwita mama. Tena kwa heshima."

Hayo yote nayaandika ili ucheke, na ukicheka ujue unacheka upande mmoja tu wa habari. Mimi pia nilijificha humo. Kila nilipoona lile jina linafanya jambo jingine, nilijitazama mikono iliyojaa nazi nikajiambia: aa, mbona nalilipia.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika midomo ya watu wa pale, Baba Mchungaji ni mmoja, na mwanamke anayetoka naye nyumba moja ni Mama Mchungaji. Haikufika miezi miwili. Walianza wageni, wakafuata watoto, halafu watu wazima ambao tangu mwanzo ulimi wao ulikuwa mzito kumwita mwanamke mchungaji. Sasa walikuwa wamepata wepesi. Mke wangu akishuka madhabahuni anaambiwa, "Mahubiri mazuri, Mama Mchungaji," kama vile ameyasoma kwa niaba ya mtu. Meseji za vikao zikaanza kuja kwenye simu yangu. Msibani nilisalimiwa mimi kwanza, yeye baadaye, ilhali mwenye joho ni yeye. Siku moja wakamwekea kile kiti cha kitambaa cheupe, wakamwomba akae.

Niliona. Mtu anayehesabu jozi mara mbili hawezi kusema hakuona.

Jioni ile aliniambia, "Leo kuna baba kaja kuulizia mchungaji. Nikamwambia ndiye mimi. Akaniambia hapana, Baba."

"Watazoea," nikasema.

"Nani azoee nini?"

Nikajifanya nasikiliza redio.

Sasa nikuambie habari ya Zawadi.

Zawadi alikuwa mteja wangu kabla hajawa muumini wa mke wangu, mshonaji, mwanamke ambaye ukimwambia bei anakuangalia kwanza kama anakuhurumia. Aliishi na Joseph, fundi umeme aliyetoka Mbeya, miaka kumi na minne, watoto watatu, bila ndoa ya kanisani. Kanisani kwetu, ambaye ndoa yake haijabarikiwa hashiriki Meza ya Bwana, na haitwi mke. Kwenye matangazo husomwa "mama wa watoto wa Joseph". Miaka kumi na minne anaitwa hivyo, na anakaa benchi la nyuma. Baba yake Joseph, mzee wa kizamani, alikuwa ameshasema wazi kwamba siku ndoa ikibarikiwa atasafiri mwenyewe kutoka Mbeya, asimame mbele za watu, amwite Zawadi mkwe wangu. Kabla ya hapo, hapana. Akipiga simu alikuwa anasema, "Nipe huyo dada nimsalimie."

Mke wangu aliwafundisha wale wawili kwa miezi. Akawapangia Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee Ambokile alipinga barazani, akitaka wakae kwanza mwaka mzima chini ya uangalizi, liwe fundisho kwa vijana. Mke wangu akamwambia miaka kumi na minne ya benchi la nyuma ni uangalizi wa kutosha. Baraza likamuunga mkono yeye. Likaisha.

Wiki hiyo, Jumanne, mke wangu akaenda upande wa Nanyamba kwenye semina, arudi Jumamosi asubuhi moja kwa moja kanisani. Alhamisi mchana Mzee Ambokile akaja kwenye kibanda changu, pale Chikongola, katikati ya wateja. Akavua kofia. Mtu mzima anavua kofia mbele yangu, na Issa anaona.

"Baba Mchungaji, nimekuja kuomba shauri."

"Sema, mzee wangu."

"Lile la Jumamosi. Kuna manung'uniko. Tuliahirishe kidogo tu, mpaka baraza likae tena. Wewe ukisema neno, watu watatulia."

Mteja mmoja alikuwa ameshika kiatu kimoja, kingine amekisahau mguuni mwake, anatusikiliza. Issa ameacha kupanga mikanda. Na mimi nilijua. Nilijua hilo si langu, nilijua baraza limeshaamua, nilijua mke wangu angejibu nini na kwa sauti gani. Lakini tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunivulia kofia aniombe shauri. Nikakohoa. Nikatoa sauti ambayo hata mimi sikuifahamu, nene, kama inatoka kwenye pipa.

"Kama ni kwa ajili ya amani ya usharika, basi liahirishwe."

"Amina, Baba." Akaandika kwenye kijitabu chake, na saa akaandika.

Alipoondoka Issa aliniuliza, "Na nkeo kasemaje?"

"Nitampigia."

Sikumpigia. Hapo ndipo kosa langu lilipo hasa. Kila niliposhika simu nilihesabu atakachoniambia, nikahesabu tena, nikairudisha mfukoni. Nikajiambia Ambokile atawaarifu akina Zawadi. Kumbe Ambokile alimwarifu mlinzi tu, akamchukulia funguo za kanisa, hao wengine akaniachia mimi. Ijumaa ikapita nzima. Nilifungua belo, nikapanga jozi kwa namba, nikapiga soga na Issa. Simu ilikuwa na chaji.

Jumamosi ikafika. Nyumba ya mchungaji inatazamana na kanisa. Saa tatu na nusu nikawaona kwa dirisha la jikoni wanaanza kufika. Watoto watatu wamefanana nguo. Joseph anajipangusa viatu nyuma ya suruali. Mzee wake, mrefu, amevaa koti jeusi kwenye joto la Mtwara, amefungwa vifungo vyote. Mama yake Joseph kashika mfuko wenye vitenge viwili vya kumfunika mkwe. Zawadi kavaa gauni alilolishona mwenyewe, na miguuni viatu vyeupe nilivyomuuzia mimi, ambavyo alivipigania bei mpaka nikamwongezea na soksi za mtoto.

Nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi. Haikuwa Jumatano. Hakuna aliyekuwa ameniomba nazi.

Mke wangu akashuka kwenye bodaboda saa nne kasoro, vumbi mpaka nyusi, joho mfukoni. Nilimsikia anacheka na watoto. Nikamsikia anaujaribu mlango wa kanisa. Akamwita mlinzi.

"Funguo ziko wapi?"

"Kwa katibu, mama. Ibada imeahirishwa."

"Na nani?"

"Na Baba Mchungaji."

Halafu nikasikia sauti ya yule mzee wa Mbeya, ya taratibu, ya mtu asiyetaka makuu. "Basi, mama, tuitie baba aje atuambie mwenyewe."

Mama. Mwenye joho mkononi, anaambiwa aende akamwite mwenye nyumba.

Nikatoka. Mikono ina nazi mpaka kwenye viwiko. Mke wangu hakupandisha sauti.

"Umeahirisha?"

"Nilisema tu… kidogo."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumamosi. Simu yako mbovu?"

"Nzima."

Hakuniuliza kingine. Akawageukia wale wageni, akawaambia ibada ipo, atawabariki pale pale barazani, Mungu hana haja na funguo. Akaanza kuvaa joho. Mzee wa Mbeya akamzuia kwa mkono, kwa adabu kabisa.

"Hapana, mwanangu. Nimeona nyumba hii baba amesema hapana na mama anasema ndiyo. Mimi siwezi kumtia mkwe kwenye mlango wa ugomvi. Mkubaliane kwanza, mtatuita."

"Mchungaji ni mimi, mzee," mke wangu akamwambia.

"Nimesikia. Lakini waliotupokea getini wametuambia vingine."

Hapo hata ningepiga magoti nikamweleza, ningeeleza nini? Nilijaribu. Nikasema mzee, mimi ni muuza viatu. Akaniangalia kama vile mimi ndiye nadharau kazi ya Mungu. Basi lao la kurudi lilikuwa alfajiri ya kesho yake, mzee ana kliniki ya macho Mbeya aliyoisubiri muda mrefu. Mama yake Joseph akakunja vile vitenge akavirudisha mfukoni, pole pole, akivilaza vizuri visivunjike mikunjo.

Zawadi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, amevua viatu. Nilimwendea. Nilikuwa na maneno mengi.

"Baba Mchungaji," akaniambia, bila hasira, kama ananitajia bei yake ya mwisho, "wewe jina lako lilipatikana kikao kimoja. Mimi langu nimelisubiri miaka kumi na minne."

Akaokota viatu akaenda.

Mke wangu aliongea nami siku nne zilizofuata kwa maneno ya lazima tu: chumvi, funguo, maji yamekatika. Baraza lilipokaa, Mzee Ambokile alifungua kijitabu akasoma tarehe, saa na maneno yangu, na yale maneno ya kutoka kwenye pipa yakasomwa mbele ya watu kumi na wawili. Akasema yeye hakuvunja utaratibu, alimuuliza Baba Mchungaji. Tena kumbe alishaandika barua jimboni, akiuliza usharika una wachungaji wangapi.

Mke wangu aliitwa jimboni kujieleza. Alirudi jioni, akavua kola akaiweka mezani.

"Usharika wameniachia," akasema. "Ambokile kaonywa. Lakini nimeulizwa nitaongozaje usharika kama nyumba inanishinda. Wale watatu waliopita, na mmoja alikuwa anapigana na mkewe majirani wanasikia, hakuna aliyeulizwa hivyo."

Nikamwambia nisamehe.

"Kukusamehe ni la humu ndani, tutalimaliza humu ndani. Zawadi hukumkosea humu ndani."

Nilimwelewa. Kanisani kwetu aliyeukosea usharika husimama mbele ya usharika. Nilikuwa nimewaona vijana wakisimamishwa, na nilikuwa nawahesabu.

Ndoa ya Zawadi na Joseph ilibarikiwa baada ya wiki tatu, Jumapili, kanisa limejaa. Mzee wa Mbeya hakuja, macho yalikuwa yamefungwa bandeji. Mama yake Joseph alituma vile vitenge kwa basi, Mama Tumaini akamfunika Zawadi. Kwenye matangazo akasomwa mke wa Joseph, akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Zawadi alitabasamu. Lakini nilikuwa karibu, niliona anavyotazama mlangoni kila ulipofunguliwa. Mdomo aliousubiri umwite ulikuwa Mbeya. Mpaka leo mzee hajapata tena macho mazuri wala nauli ya safari, na wao wanaongea kwenye simu. Ameambiwa kwamba imeshabarikiwa. Anasema amefurahi. Anasema, nipe huyo dada nimsalimie, halafu anajirekebisha.

Kabla ya ndoa yao nilisimama mimi. Mke wangu yuko mbele yangu na joho na kitabu, ananiuliza kama anavyowauliza wote wanaosimama pale, kwa sauti ile ile, bila kunipunguzia na bila kuniongezea.

"Jina lako nani?"

"Baba…" nikaanza. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Kanisa lote likavuta pumzi. Mama Tumaini akaangalia chini.

Nikataja jina alilonipa mama yangu.

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Nikalirudia. Halafu nikasema nilichofanya, nikimtazama Zawadi, kuanzia Alhamisi.

Siku hizi mke wangu anaitwa Mchungaji. Hata Mzee Ambokile anatamka, japo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Jumatano bado nakuna nazi, na wakati mwingine mke wangu anakuja kukaa nasi akiwa na nafasi, anakula muhogo kama wengine. Jina la mimi kuitwa halijapatikana. Mama Tumaini amelipeleka kwa akina mama walifikirie, na amenionya nisitie mguu kwenye kikao hicho.

Wewe mwanamume mwenzangu ambaye mkeo ni diwani, ni daktari, ni mkuu wa shule, ni bosi wa mtu: sikwambii usidai kuitwa. Wake zetu wanaitwa kwa vyeo vyetu, nawe ukisahaulika kwenye benchi la madereva inauma, nisikudanganye. Dai. Ila wakikupa upesi, uliza wamelitoa kwa nani. Na akija mtu kukuvulia kofia akuombe neno ambalo si lako, mwambie mwenye neno yuko Nanyamba, namba yake hii hapa.

Na kama umeshalisema, piga simu siku hiyo hiyo. Alhamisi nilikuwa bado naweza kulirudisha. Ijumaa pia. Jumamosi mzee wa watu alikuwa ameshavaa koti.